Forester yangu: mwezi wa tatu wa matengenezo, mbuzi ameacha kuvuta kamba

Imekubali! Leo jioni nimeizungusha Subaru Forester yangu kwenye uwanja mtupu, usukani umekatwa hadi mwisho, kulia, kushoto, kisha rivasi, mafuta ya giaboksi yakiwa moto baada ya saa nzima ya barabarani. Sikugusa aksileta. Gari limezunguka lenyewe, taratibu, kama pia inayokaribia kulala. Nimerudia mara nane kwa sababu sikuamini, na mara ya tisa kwa raha tu.

Kwa ambao hawakuwepo tangu mwanzo: hii ni ya zamani, otomatiki ya gia 4, ile ambayo nguvu ya magurudumu ya nyuma inapitia klachi ya sahani nyingi iliyokaa mkiani mwa giaboksi. Ugonjwa wake ulikuwa kukaza kona. Ukiingiza gari kwenye maegesho, usukani ukiwa mwishoni, linashika kana kwamba kuna mtu amevuta handibreki, linaruka kidogo, linashika tena. Mama watoto alilieleza vizuri kuliko mimi: "Baba, hili gari linatembea kama mbuzi anayekataa kamba." Likiwa baridi, huoni kitu. Likipata moto, mbuzi huyo.

Wiki za mwanzo nilizipoteza kwenye siivi jointi, vile viungo vya ekseli vinavyozungusha gurudumu hata likiwa limekatwa kona. Siivi jointi iliyokufa inagonga, haikazi, na hilo nalijua vizuri. Bado nikabadilisha ya kushoto, kwa kuwa mpira wake ulikuwa umechanika na nilikuwa natafuta kisingizio cha kulala chini ya gari. Fundi mmoja aliyepita akasema ni pampu ya usukani. Mwingine akasema nimuuzie.

Kilichonirudisha njiani ni ile soketi ya fyuzi iliyoandikwa FWD chini ya boneti, ambayo kwa kawaida huwa tupu. Ukichomeka fyuzi pale, kompyuta ya giaboksi inaiamuru klachi iachie, na gari linabaki la kuvuta kwa mbele tu. Imewekwa kwa ajili ya siku unapofunga lile tairi dogo la spea, lakini kwa wagonjwa wetu ni kipimo bora kuliko mashine yoyote. Mkazo ukiisha kabisa, klachi inajua kuachia, katafute sababu kwingine. Usipoisha, kuna kitu kimenasa ndani. Langu? Likiwa baridi mkazo uliisha, likipata moto ukarudi. Afadhali lingekataa moja kwa moja.

Hapo ndipo nilipoanza kutazama matairi, na hapo aibu ni yangu peke yangu. Mwaka jana nilifunga mawili mapya mbele, nyuma nikaacha yaliyokuwepo. Kwa macho yalifanana. Nikaazima utepe wa cherehani, nikayazungushia moja moja gari likiwa kwenye stendi: mbele milimita 2,096, nyuma 2,071. Tofauti ya 25. Subaru wanataka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na ushee. Nilikuwa nimezidisha mara nne!

Kaa na hesabu hiyo kidogo, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Kwa kila kilomita, tairi la mbele lilizunguka kama mara 477 na la nyuma kama 483. Mizunguko karibu sita. Ukipita kwenye difu, yale meno ya nyuma yanayogawa nguvu kwa magurudumu, ambayo inazidisha zaidi ya mara nne, unapata mizunguko zaidi ya 20 ambayo propela, ile shafti ndefu ya kutoka giaboksi kwenda nyuma, ilidai na klachi ikalazimika kuilipa kwa kuteleza. Kila kilomita, kwenye lami iliyonyooka, hata siku ya jua ambayo hakuna aliyehitaji magurudumu manne. Sahani zile zimesuguana mwaka mzima kwa sababu mimi nilibana matumizi ya matairi mawili.

Nikafunga manne ya aina moja. Mkazo ukapungua kama nusu, na ndipo nikafanya kosa la kufurahi.

Kisha mafuta. Giaboksi hii inabeba lita 9 na kitu, lakini ukifungua nati ya chini zinatoka kama nne na nusu tu, nyingine zimejificha kwenye toki konveta (kile chombo cha mafuta kinachounganisha injini na giaboksi) na njia za ndani. Ndiyo maana kubadilisha mara moja ni kama kuongeza maji safi kwenye ndoo ya maji machafu. Nilifanya mara tatu, kila baada ya siku kadhaa za kuendesha. Kwa hesabu yangu hapo asilimia 85 hivi ni mapya. Ya kwanza yalitoka rangi ya kahawa iliyochemka kupita kiasi, na harufu ya kuungua. Ya tatu yalikuwa mekundu. (Hakikisheni ni nati yenyewe. Kule chini kuna ya injini, ya giaboksi na ya difu ya mbele, na sitasema ni nani aliwahi kumwaga ya giaboksi akidhani anabadilisha oili ya injini.)

Mbuzi akabaki, mdogo lakini mkaidi. Dakika 40 za barabarani, kona moja, na huyo.

Basi nikafungua mkia. Uzuri ni kwamba giaboksi haishuki. Unatoa eksozi, unatoa propela, unaegemeza giaboksi kwenye jeki yenye kipande cha ubao juu, unafungua mhimili unaoshikilia giaboksi kwa nyuma, unaishusha kidogo, na kifuniko cha mkia kinatoka. Propela nilizipiga alama ya rangi nyeupe kabla ya kufungua nati hata moja, ili flanji irudi palepale ilipokuwa. Solenoidi, ile vali ya umeme inayoongoza mafuta ya klachi, nikaipima: ohmu 13, nzima. Nikaitia umeme, ikagonga tik. Kwa hiyo si yeye. Nilikaa sakafuni nikiwa nimeishika mkononi kama kibiriti kilicholowa, nimekasirika kwamba kitu kilichotuhumiwa miezi miwili hakina kosa.

Jibu lilikuwa kwenye ngoma ya klachi. Ile ngoma ina mifereji ambamo meno ya sahani za chuma yanateleza mbele na nyuma. Nilipitisha ukucha wa kidole gumba ndani ya mfereji mmoja: tk, tk, tk. Kila sahani ilikuwa imejichimbia kipango chake kwenye ukuta wa mfereji. Shinikizo la mafuta likiisha, sahani hazirudi, zinaning'inia kwenye mapango yao na kuendelea kubanana. Kompyuta inasema achia, solenoidi inaachia, sahani zimekataa. Hilo linaeleza hata ile nusu jibu ya fyuzi.

Nilipiga tupa laini kwa muda wa saa tatu. Mfereji kwa mfereji, hadi ukucha upite bila kukwama, si zaidi ya hapo, kwani ukila chuma sana sahani zitacheza. Nikaosha mara mbili, nikapuliza, nikaosha tena. Unga wa chuma ukibaki mle umejichimbia kaburi. Sahani za msuguano zililala usiku kucha kwenye mafuta mapya kabla ya kurudi.

Kuhusu vifaa, niseme na mnichukie. Soketi za pembe 12 zitupeni, nati za eksozi zenye kutu zinataka pembe sita au zinakuwa duara. Mashine ya kufungulia nati kwa kishindo isikaribie kifuniko cha alumini. Boliti zote za mkia nilizikaza kwa torki renchi, kwa zamu, nikipishanisha pande. Na silikoni! Ndani ya kifuniko nilikuta ukoko wa silikoni aliouacha aliyefungua kabla yangu, na kipande chake kinaelea. Kwenye giaboksi inayotumia shinikizo la mafuta kufikiri, kipande hicho ni kama punje ya mchanga kwenye jicho. Gasketi ya karatasi inatosha.

Mpango baada ya hapa ulikuwa beringi ya gurudumu la nyuma kulia, inavuma kuanzia mwendo wa 60. Lakini nilipokuwa nimeishika ile solenoidi nilipata wazo baya. Kompyuta inaiongoza kwa kuwasha na kuzima umeme haraka haraka; muda wa kuwashwa ukizidi, klachi inalegea, ukipungua, inabana. Maltimita yangu ya zamani inasoma asilimia za namna hiyo. Nikichukua waya kutoka kwenye plagi yake hadi dashibodi, nitaona klachi inabana lini: kwenye matope, kwenye mlima, nikitia lever kwenye 1. Jana nilijaribu nikiwa nimeegesha, nikabandika maltimita kwa gundi ya karatasi juu ya redio, na namba ikacheza nilipogusa aksileta. Nilicheka peke yangu.

Sitaweka swichi ya kufunga klachi kwa mkono, msinishauri. Nimetoka tu kumfukuza mbuzi.

Beringi itasubiri. Kesho natafuta waya mwembamba wa mita mbili.