Radi ya usiku, na kadi isiyo na jina

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chai haijachemka, simu inalia. Ni mama mwenye duka la jumla karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu. "Fundi, kompyuta za keshia zote zimekataa. Jana usiku radi imepiga hapa jirani, stima ikaruka mara mbili." Namwambia asiguse kitu, naja.

Saa mbili. Bodaboda kutoka Mamboleo, Kondele imejaa kama kawaida. Seva, kompyuta inayohudumia keshia zote, iko stoo, chini ya meza, kati ya magunia ya sukari: kompyuta ya kawaida tu yenye FreeBSD, mfumo endeshi, niliyoiweka mwenyewe. Inawaka vizuri. Nachomeka skrini na kibodi, naandika ifconfig, amri ya kuonyesha kadi za mtandao. Kadi ipo, em0, anwani yake ipo, ila mstari wa status unasema "no carrier", yaani haioni ishara kwenye waya. Nabadilisha waya, nahamia tundu jingine la swichi, kisanduku kinachounganisha kompyuta zote, jibu ni lile lile. Waya huohuo nikiuchomeka kwenye laptop yangu, taa zinacheza. Basi mgonjwa ni tundu la seva. Radi ina ujanja huo: kadi inabaki ikijitaja jina kama mzima, kumbe sehemu inayozungumza na waya imeshaungua.

Saa nne niko Oginga Odinga Street natafuta kadi ya Intel. Hakuna. Iliyopo ni Realtek, chipu ya 8125. "Omera, hii inaingia kwa kila mashine," muuzaji ananihakikishia. Kuingia inaingia, ndiyo. Nalipa.

Saa tano na robo. Naifunga kadi, nawasha, ifconfig haiioni. Naandika pciconf -lv, inayoorodhesha vifaa vyote vilivyochomekwa ndani, na hapo naikuta: none1@pci0:2:0:0, chini yake jina la Realtek. Hiyo "none" ndiyo habari yenyewe. FreeBSD huiita kadi kwa jina la kiendeshi chake, programu inayoiongoza: kadi nyingi za Intel ni em0 au igb0, za Realtek ni re0. Kadi ambayo hakuna kiendeshi kilichoipokea haina jina, na isiyo na jina utaipaje anwani? Kiendeshi cha re kilichokuja na toleo lililo kwenye seva hii hakiijui 8125. Kinachoijua ni kile cha Realtek wenyewe, kifurushi kiitwacho realtek-re-kmod, nacho kiko kwenye intaneti. Intaneti ya seva inapita kwenye kadi. Kadi inasubiri kifurushi.

Simu yangu ikaokoa jahazi. Naichomeka kwa waya wa USB, nawasha ushiriki wa intaneti, napakia if_urndis, kiendeshi cha simu kama hiyo, ue0 inajitokeza. dhclient ue0 kuomba anwani, kisha pkg install realtek-re-kmod, kwa bando langu mwenyewe. Kwenye /boot/loader.conf, faili linalosomwa mashine ikiwaka, naongeza mistari miwili: if_re_load="YES" na if_re_name="/boot/modules/if_re.ko". Bila huo wa pili, kerneli, kiini cha mfumo, inaweza kushika re yake ya zamani.

Saa saba, ugali na omena. Haraka.

Saa nane kasoro. Seva imewaka upya, re0 ipo! Lakini haina anwani, kwa sababu /etc/rc.conf, faili la mipangilio, bado inasema ifconfig_em0. Nabadilisha herufi mbili tu, em iwe re. Kisha service netif restart kuwasha mtandao upya, na mara moja service routing restart, maana ile ya kwanza huondoa njia ya kutokea nje. Mwaka fulani niliiandika ile ya kwanza nikiwa nyumbani, kupitia ssh, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, nikakosea anwani. Nilijifungia nje ya seva saa tatu usiku.

Keshia mmoja anapiga kelele, "Imerudi!"

Mimi siondoki. ifconfig inasema 100baseTX, megabiti 100 kwa sekunde, na swichi hii ni ya gigabiti, mara kumi zaidi. Gigabiti inataka jozi zote nne za waya, ile 100 inatosheka na mbili. Nakata kichwa cha waya: uzi wa bluu umekatika ndani ya plastiki, unang'aa kama sindano. Pengine nimekuwa nikiupita miezi yote. Napanga upya: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nabana. 1000baseT, gigabiti kamili.

Saa kumi na moja nalipwa, na kilo mbili za sukari juu.

Saa moja jioni ngurumo inaanza upande wa ziwa. Nampigia. "Mama, chomoa waya wa seva na wa swichi."

"Nishachomoa, fundi. Hata wa friji."