Siku moja gereji: tope nyuma ya silinda ya nne

Saa 1:30 asubuhi. Bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya Land Rover Series III ya petroli, cc 2286, iko mezani. Krenki, pistoni na kemshafti vimeshatoka. Gari lina rejeta mpya na wota pampu mpya, hedi imesagwa, lakini likipanda mlima na mzigo linachemsha. Hapo acha kununua vipuri, angalia ndani ya bloku.

Saa 2. Kung'oa plagi za ubavuni, yaani vifuniko vya chuma vya matundu ya bloku, si plagi za moto. Mafundi tunaziita frosti plagi, ingawa barafu huku kwetu ni ya vileleni tu. Kazi yake hasa ni kuziba matundu ambayo kiwandani walitolea mchanga baada ya kumimina chuma. Piga ukingo mmoja kwa tindo butu mpaka plagi igeuke ubavu, kisha ivute kwa plaizi. Usiipige moja kwa moja ikadumbukia: itabana kwenye ukuta wa silinda, na kuitoa ni kazi ya asubuhi nzima.

Tundu la mbele linamwaga maji ya rangi ya chai. La nyuma, kavu. Kidole kinagota kwenye kitu kama udongo wa mfinyanzi. Koki ya kumwagia maji nayo imefunguliwa na haitoi hata tone.

Saa 3. Chombo bora hapa ni spoki ya baiskeli iliyokunjwa ncha kama ndoano. Chokoa, puliza kwa kompresa, chokoa tena (vaa miwani, tope linarudi usoni). Kwanza linatoka la kahawia, laini. Ndani zaidi ni jeusi, gumu, na linakwaruza ncha ya spoki. Nyuma ya silinda ya nne peke yake pametoka kopo zima la nusu lita, pamoja na kipande cha waya chenye urefu wa kidole.

Usilimwage kabla ya kulipima. Lianike kwenye bati juani, kisha ligawe mafungu matatu. Fungu la kwanza, pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni: kutu nyeusi inarukia, nyekundu inashikwa kidogo au haishikwi. La pili, litie siki: likitoa povu kuna chokaa, yaani gari limenyweshwa maji ya kisima badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini). La tatu, lisuuze, kisha sugua kilichobaki juu ya kioo kibovu. Kikichora kioo na sumaku haikitaki, ni mchanga wa kiwandani.

Katika kopo hili vyote vitatu vimo, lakini mchanga ndio mwingi. Umbo la ndani la njia za maji hutengenezwa kwa mchanga ulioshikizwa kwa gundi na kuimarishwa kwa waya. Ndiyo asili ya kile kipande. Usiposafishwa wote, unabaki. Maji yanaingia mbele kwenye wota pampu, na pembe za chini kule nyuma mwendo wake ni mdogo, kwa hiyo kutu na chokaa vinatua juu ya mchanga na kushikana nao. Chuma kilichofunikwa hivyo hakipoi, tena kinaliwa kimyakimya.

Saa 5. Ziba matundu kwa vipande vya mbao vilivyofungwa mpira wa tyubu. Koroga gramu 500 za asidi ya sitriki katika lita 8 za maji ya moto yasiyochemka, mimina, acha saa tatu. Isiguse mabushi ya kemshafti (pete laini inamozungukia). Asidi ya betri hapana, hata ukiambiwa inasafisha haraka. Inakula na chuma kizima.

Saa 8. Mwaga, suuza kwa presha kupitia kila tundu, kisha suuza kwa maji yenye magadi kuua asidi. Kausha kwa kompresa hapo hapo na upake oili nyembamba kwenye silinda, maana chuma kitupu kinashika kutu ndani ya dakika chache.

Saa 9:30. Kipimo ambacho wengi wanakiruka. Futa oili ndani ya silinda, paka vumbi la chaki kwenye kuta, jaza mafuta ya taa kwenye njia za maji, subiri saa nzima. Silinda ya kwanza hadi ya tatu chaki inabaki nyeupe. Ya nne, upande wa nyuma, sehemu ya chini, linajitokeza doa jeusi la ukubwa wa punje ya mtama, halafu linatanuka.

Saa 11. Kwa hiyo pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo, za silinda zilizochongwa upya) haziagizwi leo. Bloku inapakwa oili upya, inafunikwa, na silinda ya nne inaandikwa kwa chaki: slivu (bomba la chuma la kuvisha ndani ya silinda) kwanza, ndipo zote nne zichongwe saizi moja. Ingechongwa kabla ya kuchokolewa, tundu lingeonekana baada ya injini kufungwa, maji yakiwa kwenye oili.