Chujio la tangi la samaki: nalitunza kwa kutazama jani

Tangi langu linachukua lita 120, na pampu ya chujio lake imeandikwa lita 800 kwa saa. Wapo walioniambia nimezidisha. Wafugaji wengi hupiga hesabu kwamba maji yote ya tangi yapite kwenye chujio mara 4 hadi 6 kwa saa, kwa hiyo mimi nilihitaji kati ya lita 480 na 720. Tatizo ni kwamba ile namba ya kwenye boksi kwa kawaida hupimwa chujio likiwa tupu. Ukishalishindilia sponji, ukaunganisha mipira na kuitaka pampu ipandishe maji toka kabatini hadi juu ya tangi, kinachofika ni pungufu. Tena mkondo ukizidi, unaukaba kidogo kwa koki ya mpira wa kurudishia. Ukipungua, huna la kuufanya.

Nilichagua chujio la nje, lile la kopo lenye mfuniko linalokaa chini ya tangi. La sponji linalosukumwa na pampu ya hewa ni zuri sana kwa tangi dogo au la vifaranga, na la ndani ni rahisi kufunga ila linakula nafasi ya samaki. La kopo nililipendea tumbo lake, maana linabeba vitu vingi vya kuchujia. Nilivipanga ili maji yakutane kwanza na sponji ya matundu makubwa, kisha sponji laini, mwisho pete za kauri. Mkaa wa kuchujia uliokuja na chujio sijautia. Unanasa rangi na harufu, lakini baada ya wiki chache unakuwa umeshiba, na ukitia dawa ya samaki unainyonya yote. Nimeuweka kwenye pakiti yake kwa ajili ya kuondoa mabaki ya dawa matibabu yakiisha.

Kufunga kwenyewe si kazi kubwa. Kopo lazima likae chini kuliko usawa wa maji ya tangi, ili maji yashuke yenyewe. Nililijaza maji kabla ya kuwasha, nikafungua koki zote, kisha nikawa nalilaza kidogo huku na huku mpaka mapovu yakaisha. Ukisikia linakwaruza ndani, hiyo ni hewa bado. Waya wa umeme niliuacha uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda, ili tone la maji likiteremka na waya lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye plagi. Mdomo wa kunyonyea niliuvisha kipande cha sponji, uduvi na vifaranga wasivutwe. Bomba la kurudishia, lile lenye matundu, nililiweka karibu na uso wa maji ili uso utikisike, maana hapo ndipo oksijeni inapoingia.

Chujio jipya linanasa taka tu, sumu bado haliiwezi. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki vinatoa amonia. Kundi moja la bakteria linaigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine linaigeuza nitreti, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa kidogo na ambayo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 hivi kutulia kwenye sponji na kauri. Nilikuwa natia chembe za chakula kwenye tangi lisilo na samaki, ili zitoe amonia ya kuwalisha bakteria, huku nikipima maji. Mzee mmoja mwenye tangi la siku nyingi alinikatia kipande cha sponji yake, cheusi na chenye utelezi, akanipa ndani ya mfuko wenye maji. "Usithubutu kukiosha, mwanangu," akasema. Nilikibana katikati ya sponji zangu, na vipimo vikaanza kushuka mapema kuliko nilivyotarajia. Samaki niliwaingiza amonia na nitriti ziliposoma sifuri, tena wachache wachache.

Kuhusu kusafisha, sifuati kalenda, na ule ushauri wa kubadilisha sponji kila mwezi naona unamsaidia zaidi anayeuza sponji. Kinachoniongoza ni valisneria, mmea wa majini ulio mbele ya bomba la kurudishia. Chujio likiwa na nguvu, majani yake marefu yanalala upande mmoja. Yakianza kusimama wima, najua sponji imejaa.

Hapo nachomoa umeme, nafunga koki, nachota maji ya tangi kwenye ndoo na kukamulia sponji humo. Inatoka taka ya kahawia, nzito kama rojo. Nakamua mpaka maji yapite vizuri, basi. Siitafuti rangi yake ya dukani. Maji ya bomba sitii kabisa, kwa kuwa klorini iliyowekwa kuua vijidudu itawaua na bakteria wangu. Pete za kauri nazichovya tu, na si siku moja na sponji.

Sehemu inayosahaulika ni kile kipangaboi chenye sumaku ndani ya pampu. Mara nyingi mkondo hafifu unatokana na utelezi uliokizunguka. Nakitoa taratibu, kwa sababu kijiti chake cha kauri huvunjika kirahisi, na tundu lake nalisugua kwa mswaki wa zamani. Nikimaliza, mpira wa mfuniko naupaka grisi ya silikoni kidogo. Mafuta ya mgando ya kujipaka yanaweza kuuvimbisha mpira, na mpira uliovimba unavujisha.

Umeme ukikatika kwa muda mfupi sishughuliki. Ukikaa saa nyingi, bakteria walio ndani ya kopo lililofungwa wanamaliza oksijeni, wanaanza kufa, na maji yanaoza. Kwa hiyo kabla ya kuwasha nafungua, nanusa, namwaga yale maji na kujaza mengine ya tangi. Kama harufu ilikuwa mbaya, siku hiyo nawapunguzia samaki chakula na kesho yake napima amonia. Ikisoma zaidi ya sifuri, nabadilisha robo ya maji.