Siku moja maishani mwangu: fundi wa magari ya zamani, Nakuru

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nafungua kontena letu hapa Kaptembwa, natandaza turubai, napanga spana. Wengi hudhani sisi wa jua kali ni watu wa nyundo na kubahatisha. Ndiyo maana naandika.

Saa mbili: Probox ya teksi, breki pedi za mbele. Kisha pikapu ya mboga kutoka Bahati, feni belti. Zimeenda.

Saa tatu na kitu, Peugeot 504 inaletwa ikivutwa kwa kamba. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, na mtu anayeitunza 504 hadi leo namheshimu kabla hajashuka. Gari la aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1975, likarudia 1978, na wazee wa hapa walilipanda sana kwenda Nairobi.

"Fundi, gasketi niliyouziwa ni feki."

Amefungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini kinachokalia gasketi, mwenyewe nyumbani, akisaidiwa na mpwa wake. Nachomoa kijiti cha oili. Oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa: imeingia maji.

"Mwalimu, hedi ikiwa nje, mliizungusha injini?"

"Kidogo tu, tusafishe pistoni zote."

Basi tatizo ni hilo, wala gasketi haina makosa. Silinda za 504 hazikuchongwa ndani ya bloku. Ni silivu nne, mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zilizosimama katikati ya maji, na kinachozikandamiza zitulie ni hedi. Ukishaitoa, hakuna kinachozishika. Pistoni ikipanda huinua silivu, sili nyembamba ya chini inaachia, na maji yanateremka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Fundi anayeijua injini hii huzibana kwanza kwa boliti na washa pana, vile vipete bapa vya chuma, kabla ya kugusa chochote.

Namweleza, anatikisa kichwa. Anampigia simu ndugu yake wa Eldoret, ambaye naye anasema gasketi. Anampigia aliyemuuzia, wanagombana. Mimi niko chini ya gari namwaga oili, na kila nikitaka kuendelea ananiita nije nimweleze ndugu yake. Adhuhuri imepita hivyo.

Halafu nati za ekzosi. Alizifungua kwa koleo, kona zote zimelika, spana haishiki. Napasha moto, nagonga taratibu, napasha tena. Ukilazimisha, stadi, ile boliti inayoshika nati, inakatikia ndani ya hedi ya alumini, na hapo ni kutoboa. Mgongo unauma, jua limehamia upande wetu, chakula cha mchana sijakiona. Kazi ya namna hii hakuna anayeiona, maana nati ikishatoka imetoka.

Jioni hedi iko mezani. Nagusa silivu ya pili kwa kidole, inacheza. Namwita mwalimu aiguse mwenyewe. Ananyamaza, kisha anasema, "Kumbe." Simlaumu. Gari ni lake na ana haki ya kulifungua. Ningependa tu aniulize kabla, na kuuliza kwangu ni bure.

Pesa ya ufundi imemshtua, kwa kuwa inazidi bei ya gasketi. Nimemhesabia: silivu zote zitoke, vikalio visafishwe, sili mpya, kila silivu ipimwe ichomoze kidogo juu ya bloku, hedi ipelekwe kunyooshwa. Tumeelewana alipe nusu sasa. Kesho atakuja na ovaroli yake, anataka kuona silivu zinavyobanwa.