OSPF ikikwama kwenye EXSTART, tazama MTU kwanza

Kuwasha OSPF (itifaki ambayo ruta hutumia kuelezana njia za mtandao) kati ya ruta mbili za Cisco ni mistari michache tu:

router ospf 1
 router-id 10.255.0.1
 passive-interface default
 no passive-interface GigabitEthernet0/0
interface GigabitEthernet0/0
 ip ospf 1 area 0
 ip ospf network point-to-point

Router-id, yaani namba inayoitambulisha ruta ndani ya OSPF, iandike mwenyewe. Usipoiandika, ruta hujichukulia anwani kubwa kuliko zote kwenye lupubaki zake (intafesi za ndani zisizo na waya), na kama haina lupubaki, anwani kubwa ya intafesi iliyo hai. Ukija kuibadilisha OSPF ikiwa tayari ina majirani, haishiki mpaka upige clear ip ospf process. Amri hiyo huangusha majirani wote kwa muda, basi ngoja usiku.

Sasa piga show ip ospf neighbor. Unachotafuta ni FULL, yaani ujirani umekamilika. Orodha ikiwa tupu, hello (pakiti za kusalimiana na jirani) hazifiki au zinakataliwa: eneo halilingani, nywila hailingani, muda haulingani (kawaida ni sekunde 10 za hello na 40 za kumhesabu jirani kuwa amekufa), au kuna kichujio kinachozuia itifaki namba 89. Na mara nyingi mno ni intafesi iliyosahaulika kwenye passive, yaani haitumi hello. INIT maana yake unamsikia jirani, yeye hakusikii.

EXSTART, hatua ambapo majirani wanajiandaa kubadilishana taarifa, ndiyo inayowachosha watu, kwa sababu ping inajibu na hello zinapita vizuri. Hello ni pakiti ndogo, tena haibebi MTU (ukubwa wa juu wa pakiti ambao intafesi inakubali, kwa baiti). MTU hutajwa kwenye pakiti za DBD, majirani wanapoanza kuelezana walichonacho. Upande mmoja ukiwa na 1500 na mwingine 9000, yule wa 1500 anaitupa DBD ya mwenzake, na hapo wanabaki: mmoja EXSTART, mwingine pengine EXCHANGE, hatua inayofuata.

Linganisha kwa show ip interface pande zote mbili, kisha weka ip mtu 1500 kwenye ule ulio mkubwa. Jaribu njia kwa ping 10.0.0.2 size 1500 df-bit (df-bit huzuia pakiti isikatwe vipande). Kwenye Cisco hiyo 1500 inajumuisha kichwa cha IP. Kwenye Linux andika ping -M do -s 1472, kwa kuwa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP huongezwa juu yake.

Kuna wanaokimbilia ip ospf mtu-ignore, amri ya kupuuza tofauti ya MTU. Mimi siipendi. Ujirani utasimama, lakini pakiti kubwa zitaendelea kupotea njiani, na utakuja kutafuta kwa nini tovuti fulani hazifunguki.

EXSTART ikiendelea hata MTU zikilingana, angalia kama ruta zote mbili zina router-id moja. Hutokea sana mtu anaponakili usanidi kutoka ruta moja kwenda nyingine.