Ruta yangu ilikuwa inabadilisha anwani tu, ukurasa haubadiliki: nilivyoitatua

Jamani hii ruta ndogo ya JavaScript (kodi inayochagua ukurasa wa kuonyesha kufuatana na anwani) ilinitesa siku mbili, unabonyeza linki anwani juu inabadilika vizuri kabisa ila ukurasa umeganda palepale, alafu ukirudi nyuma ndo inafanya kazi! Kumbe pushState (amri ya kubadilisha anwani bila kupakia ukurasa upya) haiamshi popstate (taarifa ya brauza ambayo kodi inaisikiliza), brauza inaiamsha pale mtu akirudi nyuma au akienda mbele. Nikaandika fanksheni moja tu, nenda, inaita pushState na hapohapo inachora ukurasa, na popstate nayo nikaiunga kwenye uchoraji uleule. Pia kwenye orodha ya njia za ruta weka /bidhaa/mpya juu ya /bidhaa/:id (:id ni nafasi inayopokea neno lolote), la sivyo "mpya" inasomwa kama id. Ukirifreshi ukakutana na 404 (ukurasa haujapatikana) hiyo ni seva, iambie irudishe index.html (faili kuu la programu) kwa kila njia isiyo faili.