Povu limekatika, ngozi haikubanduka

Leo kipande cha majaribio cha boti ninayounda kimevunjika vizuri. Upana sentimita 5, povu milimita 10, faiba tabaka mbili kila upande, ndizo ngozi. Nikakining'inizia madumu ya lita 20, kikabeba matano kimya. La sita nikiwa bado nalijaza, paa! Ufa umepita mshazari ndani ya povu, pembe ya nyuzi 45 hivi, na ngozi zote mbili bado zimeng'ang'ania. Ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu masika: povu life kabla ngozi haijabanduka.

Maana hadi jana vipande vyote vya omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, vilikuwa vinakufa kifo kimoja: dumu la tatu tu, ngozi ya juu inabanduka kama ganda la chungwa, na ukiigeuza chini yake ni pasafi, hata punje ya povu haipo. Nimesugua povu kwa msasa, nimebadilisha resini (gundi inayoshikisha faiba), nimekesha nikikwepa joto la mchana. Wapi! Na hapo omoni ndipo mawimbi yanapopiga boti ikishuka kwa kasi. Boti ya mashindano oneAustralia ilikuwa ya kaboni na fedha ya kumwaga, lakini Machi 1995 ilikatika ikiwa mashindanoni karibu na San Diego, ikazama ndani ya dakika chache.

Mchawi kumbe kompresa ya friji ninayonyonyea hewa ili ngozi ibanwe kwenye povu! Naipenda sana ile mashine, niliipata kwa bei ya chakavu na inazishinda pampu zote nilizowahi kuazima. Tatizo inavuta mno. Resini ilikuwa inakimbilia yote kwenye kitambaa cha kunyonya, pale ngozi inapokutana na povu panabaki pakavu. Sasa nimefunga koki ndogo ya kuvujisha hewa, geji inakaa nusu. Povu nalo nalipaka kwanza resini iliyokorogwa na unga wa silika, nzito isiyochuruzika, naikwangua kwa kadi ya simu iliyokwisha hadi vitundu vijae. Rola mtaniwia radhi, zinaacha viputo vya hewa na kula resini bure.

Wiki hii ilikuwa nianze usukani. Lakini jamaa mmoja wa Tanga kaniletea kitambaa cha mkonge, basi usukani umelala. Ujazo kwa ujazo, mkonge ni mwepesi sana kuliko nyuzi za kioo, yaani faiba. Nguvu haufikii, tena unakunywa unyevu, kwa hiyo lazima ukauke kabisa kabla ya kuuona mkebe wa resini. Kipande cha kwanza kiko kwenye oveni kwa moto mdogo, na mama watoto keshauliza mara mbili atapika keki saa ngapi.